Sababu ya Kukaa Nyumbani

Fomu ile niliipiga taipu mimi mwenyewe. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nililetewa jambo nisilolijua. Nilikata stensili Jumatatu asubuhi, nikaizungusha mashine ya saiklostaili hadi wino ukanifika viwikoni, na kufikia saa nne nilikuwa na nakala mia mbili na arobaini mezani. Ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na nane, na mvua za El Nino zilikuwa zimetuachia barabara ambazo hata ng'ombe alizipita kwa kufikiri.

Chuo chetu kilikuwa kipya. Mwaka mmoja nyuma kilikuwa chuo tu cha kanisa, pale mlimani nje ya mji wa Meru. Sasa kilikuwa chuo kikuu, na kila mtu alikuwa amejifunza kutembea polepole zaidi. Mabweni hayakutosha na nyumba za wafanyakazi zilikuwa bado ni michoro ukutani kwa mhandisi. Kwa hiyo wanafunzi wengine walipanga vyumba mtaa wa Majengo, wengine walitoka makwao kila siku, na sisi wafanyakazi tulijijua wenyewe. Mimi nilitoka Kanyakine. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikarudi saa kumi na mbili jioni, na barabara ikiharibika, saa moja.

Naitwa Phyllis Karwirwa. Nilikuwa karani wa Msajili, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye hakuolewa, na niliishi na baba yangu, Mzee Mbae. Miaka miwili kabla ya fomu ile, baba alipooza upande wa kulia akiwa kwenye mibuni yake akichuma kahawa, kikapu kiunoni. Tangu hapo hakuweza kujigeuza kitandani wala kuketi asipoinuliwa. Maneno yalimbakia machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa majina ya watu waliokwisha kufa. Mama alikuwa ametangulia zamani. Kaka yangu Munene alifanya kazi bandarini Mombasa, akawa mtu wa Desemba.

Aliyemlisha baba nikiwa kazini ni jirani yetu Kathure. Saa sita mchana alikuja, akamwinua, akampa uji, akampangusa mdomo, akamgeuza upande wa pili. Lakini Jumatano na Ijumaa Kathure alipeleka ndizi sokoni Nkubu, na siku hizo mbili baba alilala peke yake tangu nilipofunga mlango hadi nilipoufungua. Muda wa saa kumi na mbili na zaidi, upande ule ule. Ngozi ya mgongo ilianza kutoboka. Nilichotaka mimi mwaka ule kilikuwa Jumatano na Ijumaa, nikae nyumbani nimgeuze baba. Sikutaka kitu kingine.

Kathure naye alikuwa amenipa neno. Alisema niombe hata siku moja tu. Ofisi ikinipa Jumatano, yeye ataacha soko la Ijumaa, na mzee hatakaa peke yake tena. Siku zote mbili hangeweza kuziacha, kwa sababu ndizi zile ndizo zilizowalisha watoto wake. Niliona ni haki, nikamwambia nitaomba.

Pana jambo jingine, nalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. Kwetu, binti haoni uchi wa babake. Si jambo la kujadiliwa, ni kama kusema moto unachoma. Mzee akilemewa huoshwa na mwanawe wa kiume, au na mtu wa rika lake. Rika la baba lilikuwa limebaki na wazee wawili, na mmoja wao alikuwa kipofu. Yule mwingine alikuja mara tatu, akaugua kiuno, akaacha. Watu wa kanisani waliendelea kudhani anakuja, nami nikawaacha wadhani. Nilimwosha baba mimi. Ilikuwa kabla ya mapambazuko, taa nimeiweka nyuma ya mlango, blanketi juu, mikono yangu chini ya blanketi, uso ukutani. Baba alifumba macho hadi nilipomaliza. Hatukuwahi kulitaja. Kathure alijua tu kwa kuona yaliyoanikwa uani, na hakuuliza.

Basi fomu. Wazo lilitoka kwa baraza la chuo. Waliona rejista za masomo zimejaa na madarasa yana nafasi, wakashangaa. Msajili wetu, Bwana Mbaka, mzee wa kanisa na mtu mwema kusema kweli, alinieleza kila kitu kabla sijakata stensili. Walitaka kujua nani hufika chuoni na nani hukaa nyumbani, na kwa nini. Ikionekana walio mbali ni wengi na wanataabika, masomo yatabanwa katika siku tatu za wiki, na wafanyakazi ambao kazi yao inabebeka wataruhusiwa kuifanyia nyumbani siku mbili. Mitihani ya kupiga taipu, kwa mfano, alisema. Stoo mlikuwa na taipureta kuukuu ambayo herufi yake ya k ilikwama. Jioni ile ile niliipangusa vumbi na kuitia mafuta.

Maswali yalikuwa manne, katika Kiingereza cha ofisi. Unaishi wapi? Unafika chuoni siku ngapi kwa wiki? Ukikaa nyumbani, ni kwa sababu gani? Ungependa kukaa nyumbani siku ngapi? Chini palikuwa na mstari wa jina na sahihi. Mimi ndimi niliyeuongeza mstari ule, kwa mazoea, maana fomu isiyo na jina kwangu ilikuwa karatasi tu ya kufungia sukari. Hapo ndipo tulipoharibu, na hakuna aliyeniambia.

Nilianza na walimu. Daktari Ireri wa historia alikuwa mtu wa Mbeere, nyumbani kwake kule Ishiara kwenye joto na mbuzi. Alifika chuoni Jumanne, akaondoka Alhamisi mchana. Siku zilizobaki koti lake la kijivu lilikaa kwenye kiti, na mtu akichungulia alidhani mwenyewe ametoka kidogo. Koti lile lilikuwa mfanyakazi hodari kuliko sisi wote. Nilimpa fomu, akaisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na kitu.

Aliniambia ukweli wake wote bila kuulizwa. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi na hakupata uhamisho, mbuzi wanahitaji mtu, na chumba alichopanga mjini kina unyevu unaomletea kikohozi. Akisahihisha mitihani nyumbani humaliza kwa siku mbili, na chuoni humaliza kwa wiki. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto akichezea wembe.

"Madam Karwirwa," akasema, "hii maneno ni ya kufuta watu. Wewe ni karani na hujui?"

Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na hapakuwa na kijiji kisicho na mtu aliyerudishwa nyumbani na barua. Watu walisema kwamba kwingine pia ilianza hivi hivi, na karatasi ya maswali ya upole. Nilimweleza Daktari Ireri kwamba chuo hiki ni cha kanisa na Msajili mwenyewe amenihakikishia. Akatikisa kichwa kwa heshima, akachomoa kalamu. Siku: tano. Sababu ya kukaa nyumbani: hakuna. Angependa kukaa nyumbani siku ngapi: hata moja. Akatia sahihi nzuri ndefu, na siku ya pili, Alhamisi, akaenda Ishiara.

Wanafunzi walikuwa hivyo hivyo, ila wao walicheka. Kendi, msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Kiirua, alinieleza hesabu zake pale nje ya maktaba. Siku yenye masomo mawili huja. Siku yenye somo moja hukaa nyumbani, anasoma daftari la mwenzake, anamsaidia mamake viazi, na jioni bado ana nguvu za kuandika. Siku anayokuja kwa somo moja hurudi amechoka hata kitabu hakifungui. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyosikia wiki ile, na baraza lingelisoma lingeelewa. Lakini asiyefikisha robo tatu ya mahudhurio hakuruhusiwa kufanya mtihani, na siku asizofika, rafiki zake walimtilia sahihi kwenye rejista. Akiandika siku tatu hapa na rejista inasema tano, nani atamwokoa? Akaandika tano.

Nao wa Majengo, waliokaa umbali wa dakika ishirini kwa mguu, ndio waliokosa zaidi. Nililijua kwa sababu rejista zilipita mikononi mwangu na mimi si kipofu wa mwandiko. Aliyetoka mbali alipima siku yake usiku uliotangulia, akaamua, akaja. Aliyekaa karibu alijiambia ataenda tu saa yoyote, akalala. Hao nao waliandika tano, na sababu: hakuna.

Alhamisi jioni fomu mia mbili thelathini na moja zilikuwa zimerudi. Nilizihesabu peke yangu, nikipiga vijistari vitano vitano. Watu mia mbili na kumi na tisa walifika chuoni kila siku ya Mungu bila taabu yoyote. Nilijua ni uongo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Walikuwa wamenieleza kwa vinywa vyao, mmoja mmoja, nani ana mtoto mchanga, nani mkewe ana mimba ngumu, nani hukesha shambani akimwagilia maji. Sikuwakasirikia sana. Niliwakasirikia kidogo, kwa sababu niliona siku zangu mbili zinayeyuka kwenye vijistari vile.

Yangu ilikuwa ya mia mbili thelathini na mbili. Nilikuwa nimeiweka ya mwisho. Niliandika Kanyakine. Niliandika tano, na kwangu tano ilikuwa kweli. Kisha nikafika kwenye sababu, na kalamu ikasimama.

Sikuogopa kufutwa. Ningependa kusema niliogopa, ingekuwa na heshima zaidi. Niliona tu maneno yale yalivyo: Baba yangu hawezi kujigeuza. Nikaona mtu wa baraza akiyasoma, mzee wa kanisa kama baba, akiuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza, nalo ni hili: na huyo mzee anaoshwa na nani? Nikaandika hakuna.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea Bwana Mbaka hesabu. Alizisoma akiwa amevua miwani. Alisema hakutarajia, kwamba alidhani watu wana shida. Akazipindua fomu chache, akaikuta yangu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Phyllis, wewe unatoka Kanyakine," akasema. "Huna shida yoyote?"

"Sina, Bwana Msajili."

"Hata kama ni mtu mmoja anasema, mimi nitapeleka jina lake kwa baraza. Siku moja, siku mbili, si kitu. Sema tu."

Alingoja. Huyu alikuwa mtu ambaye angengoja hadi chai ipoe. Dirishani ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mikalitusi na sikuona mji. Nilijua kabisa kwamba mlango uko wazi na kwamba kinachotakiwa ni sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema sina la kuongeza, nikauliza kama nimletee faili ya mabweni. Akasema nimletee.

Mwezi wa Juni barua ikabandikwa ubaoni. Kwa kuwa imeonekana jamii ya chuo haina ugumu wa kufika, ratiba itaendelea kuwa ya siku tano na kila mfanyakazi atakuwa kazini kila siku. Watu waliisoma, wakanung'unika kwamba baraza halijali wanyonge. Daktari Ireri alinung'unika kuliko wote. Kisha wakaendelea kama zamani, kila mtu na ujanja wake. Mimi peke yangu sikuwa na ujanja, kwa sababu karani wa Msajili haachi koti kwenye kiti.

Jioni ile Kathure aliniuliza. Alikuwa ameketi uani kwetu akitoa ndizi kwenye majani makavu, akizipanga kwa ajili ya kesho. Nilimwambia walikataa. Akauliza kama ni zote mbili. Nikasema zote mbili. Akasema wakubwa hawana wazazi wagonjwa, na kwamba angekuwa na namna angeacha soko hata bila wao. Nilimjibu kwamba najua. Nikaingia ndani, nikamgeuza baba, nikawasha moto.

Baba alifariki Jumatano ya pili ya Julai. Sina mengi ya kusimulia. Ulikuwa ule msimu wa baridi wa kwetu, jua halionekani wiki nzima. Nilifungua mlango saa kumi na mbili na robo, nikamkuta sakafuni upande wa ukutani, uso chini, blanketi limemfuata nusu. Nadhani alijaribu kujigeuza mwenyewe. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeshika mguu wa kitanda na ilinibidi niufungue kidole kimoja kimoja. Nilimlaza chali. Nikachemsha maji nikamwosha, na mara ile moja sikuweka taa nyuma ya mlango. Ndipo nikaenda kumwita Kathure, ambaye alikuwa ametoka sokoni muda si mrefu na bado alikuwa na kikapu mgongoni. Hakulia kwa sauti. Alikaa nami hadi watu wakajaa.

Ofisi ilinipa siku tano za kukaa nyumbani.

Tulizika Jumanne iliyofuata. Munene alikuja na suti, na watu walimshika mkono wakimshukuru kwa jinsi alivyomtunza mzee. Alinitazama mara moja, akaendelea kushukuriwa. Chuo kilituma basi. Bwana Mbaka alikuja, na Daktari Ireri akiwa amevaa lile koti la kijivu, na Kendi na wanakwaya wenzake, na wengi wa wale mia mbili na kumi na tisa. Ilikuwa Jumanne ya masomo, lakini maziko ni maziko. Walikaa kwenye viti vya kanisa chini ya turubai. Kathure alikaa na mimi mbele, kwa sababu sikuwa na dada.

Kwetu mwajiri lazima aseme neno kabla ya mchungaji. Bwana Mbaka alisimama na faili ya kahawia mkononi. Alisema alipopata habari za msiba ndipo alipojua kwamba Phyllis amekuwa na mgonjwa nyumbani miaka miwili, na hakuamini. Alisema akaenda kwenye faili, akatafuta. Akatoa karatasi, nami nikaitambua kwa rangi ya wino kabla hajaikunjua.

Alisema mwezi wa Mei wafanyakazi na wanafunzi wote waliulizwa, kwa hiari yao, kama wangependa kukaa nyumbani, na kwamba chuo kilikuwa tayari kumpa siku yeyote ambaye angeomba. Yeye mwenyewe alimuuliza Phyllis ana kwa ana. Akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kimeru ili wazee wasipitwe.

"Siku anazofika kazini: tano. Sababu ya kukaa nyumbani: hakuna." Akainua kichwa. "Mzee amelala hapo ndani, na binti anaandika hakuna. Vijana, kazi ni kitu kama hiyo. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Daktari Ireri alipiga kwa mikono iliyoinuliwa. Kaka yangu alipiga. Niliona aibu, na nasema aibu kwa sababu ndiyo niliyoiona. Huzuni haikufika hadi mwaka uliofuata, siku isiyo na maana yoyote, nikiwa nakata stensili. Pale chini ya turubai nilikuwa mkavu. Nilitazama udongo mwekundu uliorundikwa na nikangoja makofi yaishe.

Kathure hakupiga. Alikuwa amenigeukia, na kwa kuwa watu walikuwa bado wanapiga, alizungumza karibu na sikio langu.

"Mwari wa Mbae," akasema, akiniita binti Mbae kwa Kimeru chetu, "uliniambia ofisi ilikataa."

Aliniangalia, kisha akageuza uso wake mbele, akaweka mikono yake mapajani, kiganja juu ya kiganja. Mshereheshaji aliniomba nisimame niwashukuru wageni waliotoka mbali. Nilisimama, nikawashukuru kwa kuja, nikawaambia chakula kitapatikana nyuma ya nyumba baada ya maombi.